Kufundisha historia kwa watoto wa shule ya musingi

Mwalimu mumoja wa kalasi ya tano, hapa Lubumbashi, alituuliza hivi: «Padri, nifanye namna gani na somo la historia? Watoto wanashika majina na miaka mupaka siku ya mutihani. Nyuma ya mutihani vyote vinapotea, kama maji katika kitunga.» Swali hili si la mwalimu huyu peke yake. Mapadri wanaosimamia shule za parokia wanalijua. Vijana wa seminari kubwa wanaotumwa kufundisha katika mwaka wao wa staji watalikuta siku ya kwanza. Ndiyo sababu tunataka kulitazama hapa polepole: wakati ni nini katika akili ya mutoto, tuanzie wapi, tuwaite mashahidi gani, na tufanye nini na mambo machungu ambayo wazazi wenyewe wanayasema kwa sauti ndogo tu.

I. Mutoto na wakati

Kwa mutoto wa miaka 7, «zamani» ni gunia moja tu. Ndani yake anatia kambo yake, mufalme Msiri, Bwana Yezu na Nuhu, wote pamoja. Mutoto mumoja alituuliza kama kambo yake alimwona Msiri kwa macho. Watoto wengine walicheka, lakini alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana hakuna mutu aliyemwonyesha bado kwamba zamani ina karibu yake na mbali yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu si kutaja miaka, ni kupanga wakati. Tunajua njia moja isiyoomba pesa. Mwalimu anatoka na watoto inje, anasimika kijiti katika udongo na kusema: «Hapa ni mwaka wa 2020. Kila hatua moja tunayorudi nyuma ni miaka 10.» Kisha wanatembea pamoja na kuhesabu. Hatua 6: mwaka wa 1960, Kongo inapata uhuru wake. Hatua 11: mwaka wa 1910, muji wetu unazaliwa. Hatua 13, kasoro kidogo: mwaka wa 1891, Msiri anakufa kule Bunkeya. Kwa kila pahali mutoto mumoja anabaki amesimama, naye anashika jina la jambo lile. Wengine wanaendelea.

Sasa mwalimu anawaambia: «Twende mupaka kwa watu waliozikwa Sanga, karibu na ziwa Kisale, miaka karibu 1000 iliyopita.» Hiyo ni hatua 100. Kiwanja cha shule hakitoshi, wanafika balabala. Wakigeuka kutazama nyuma, wanamwona mwenzao wa 1910 amesimama karibu kabisa na kijiti, na wao wenyewe wako mbali sana. Hakuna haja ya maneno mengi. Wamejua kwa miguu yao kwamba muji ni kijana, na kwamba watu wa inchi hii walikuwako siku nyingi mbele ya gari la moshi na mbele ya Wazungu.

II. Tuanze na kilicho karibu

Wazee wetu waliosoma wakati wa Wabelgiji wanatuambia kwamba katika vitabu vyao historia ilianza mara nyingi na Stanley na mufalme Leopold II. Mbele yao ilikuwa giza tu. Katika miaka ya Zaire walimu walipokea maneno mapya, na majina ya inchi, ya miji na ya watu yaligeuzwa. Mwaka wa 1997 Zaire ikawa tena Kongo, na maneno yakageuka mara nyingine. Mutu mumoja aliyezaliwa hapa mwaka wa 1955 alizaliwa Elisabethville, akakaa Lubumbashi kuanzia 1966, bila kuhama nyumba. Jimbo lake liliitwa Katanga, kisha Shaba, kisha tena Katanga; na tangu 2015, jimbo lile kubwa lilipogawanywa mara 4, yeye ni mutu wa Haut-Katanga. Mutu kama huyo yuko katika familia nyingi. Mwalimu akimwalika katika kalasi nusu saa, watoto wataelewa kugeuka kwa majina kuliko kwa kusoma ukurasa mzima.

Hivi ndivyo tunavyosema: tuanze na kilicho karibu, twende polepole mupaka mbali. Katika kalasi ya kwanza na ya pili, historia ni familia: mimi nilizaliwa lini, baba na mama walitoka wapi, kambo alifanya kazi gani, katika nyumba yetu kitu gani ni cha zamani kuliko vyote. Katika kalasi ya tatu na ya ine, ni kartie, komini na muji. Katika kalasi ya tano na ya sita, ni Katanga, ni Kongo nzima, ni Afrika na dunia.

Muji wetu wenyewe ni kitabu kilichofunguliwa. Watoto wanapita kila siku mbele ya hospitali Sendwe. Wangapi wanajua Sendwe alikuwa nani? Jason Sendwe alikuwa mukubwa wa chama cha Balubakat. Aliuawa mwaka wa 1964 katika muji wa Albertville, ambao leo ni Kalemie. Wanaona bomba kubwa la moshi la Gécamines, lenye urefu wa metre 153, na ule mulima mweusi wa mabaki ya shaba pembeni yake. Nani aliujenga mulima ule? Mungu hakuuumba. Ni mikono ya wafanyakazi, tangu tanuru ya kwanza iliyoanza kuyeyusha shaba pembeni ya muto Lubumbashi mwaka wa 1911. Mutoto wa Kamalondo ajue kwamba komini yake ndiyo kartie ya kwanza ya Waafrika katika muji huu. Mutoto wa Katuba ao wa Ruashi ajue kwamba kwao kulijengwa nyuma ya vita kuu ya pili, muji ulipojaa watu. Akijua hayo, hatapita tena katika balabala yake kama mugeni.

III. Mashahidi wa mambo ya kale

Mutoto mwenye akili atauliza: «Mwalimu, unajua namna gani? Ulikuwako?» Tusimufokee. Swali hilo ndilo mulango wa historia. Mwalimu ajibu: «Sikuwako, lakini kuna mashahidi.» Na mashahidi ni wa namna 4.

Wa kwanza ni kinywa. Watu wengine wanafikiri kwamba wazee wetu, kwa sababu hawakuandika, walisema tu yaliyowapita katika kichwa. Si kweli. Kwa Waluba kulikuwa na watu wa Bambudye, waliofundishwa kwa miaka kushika mambo ya wafalme. Walitumia kibao kidogo cha muti kinachoitwa lukasa, kilichopambwa kwa shanga na alama za kuchonga. Mwenye kujua alikishika kwa mukono wa kushoto, akagusa shanga kwa kidole cha mukono wa kuume, na kila shanga ilimukumbusha mufalme, safari, pahali patakatifu ao sheria. Mwalimu anayesimama mbele ya tablo na chaki yake afikiri kidogo juu ya wale walimu wa zamani na lukasa yao. Kalasi inaweza pia kutengeneza lukasa yake: kipande cha ubao, mbegu na vifuniko vya chupa, na kila kitu kinashika jambo moja la muji. Mutoto anapita mbele, anagusa, anasimulia. Mwalimu atashangaa kuona namna watoto wanavyoshika.

Wa pili ni vitu. Mwaka wa 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya Sanga. Walipatikana watu waliozikwa na vyungu vizuri sana na mapambo ya shaba. Na katika makaburi ya nyuma yake, misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa. Misalaba ile watoto wa Katanga wanaijua kwa jina na kwa picha, lakini wachache wanajua namna ilivyofanywa. Watu walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, nyuma ya mavuno. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, wakavuta mifuko ya upepo mupaka shaba ikatiririka. Mutoto anayejua hayo hatasema tena kwamba shaba ya Katanga ilianza na Union Minière mwaka wa 1906. Muji wetu una makumbusho ya inchi. Kalasi moja inaweza kwenda huko kwa miguu ao kwa gari, na siku hiyo itakaa katika kichwa kuliko mwezi wa maneno.

Wa tatu ni karatasi. Hapa tunataka kusema neno kwa mapadri wenzetu. Mabuku ya ubatizo na ya ndoa yanayolala katika kabati za parokia ni mali ya historia. Ndani yake kuna majina ya watu wadogo ambao hakuna kitabu kikubwa kinachowataja: jina la baba, jina la mama, mwaka, na mara nyingi pahali walipotoka. Tuyalinde na mvua, panya na muchwa. Tusiwape watoto mabuku yenyewe mukononi, wala tusitangaze siri za familia. Lakini padri anaweza kunakili kwa tablo, bila majina, vijiji vilivyoandikwa katika mwaka mumoja wa zamani, na watoto watavitafuta katika karta.

Tena karatasi si ya Wazungu na mapadri tu. Mwaka wa 1965, katika muji huu, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Hakuiandika kwa Kifaransa. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kile kinachosemwa sokoni na kambini. Mwaka wa 1990 mwalimu Johannes Fabian aliitoa katika kitabu, na leo wataalamu wa inchi nyingi wanaisoma. Basi asiwepo mwalimu anayetuambia kwamba Kiswahili chetu hakiwezi kubeba historia. Mutoto asimulie kwanza kwa lugha anayoelewa. Kifaransa kitakuja juu yake.

Shahidi wa ine ni picha. Mwaka wa 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wa hapa Lubumbashi, alichora historia ya inchi nzima kwa picha karibu 100, tangu wafalme wa kale mupaka siku zake. Alijiita muandishi wa historia, naye alikuwa na haki. Kile alichofanya yeye kwa rangi, watoto wanaweza kukifanya kwa krayo.

IV. Jambo moja, sauti nyingi

Tukiwa na mashahidi, tutaona upesi kwamba hawasemi wote sawasawa. Tusiogope. Tutwae mufano wa Msiri.

Msiri alitoka upande wa mashariki, Unyamwezi, katika inchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuja na biashara, akabaki, akajenga ufalme wa Garenganze na muji wake mukubwa Bunkeya. Alitawala watu wengi. Mwaka wa 1886 mumisionari Frederick Arnot alifika kwake. Kisha wakaja watu waliotumwa na Leopold II kutaka inchi yake. Tarehe 20 ya mwezi wa 12, mwaka wa 1891, Kapiteni Bodson wa safari ya Stairs alimupiga risasi. Bodson mwenyewe naye aliuawa palepale.

Haya yanajulikana. Lakini muuze mutoto Muyeke: atasema kwamba Msiri alikuwa mufalme mukubwa aliyekataa kuuza inchi yake, na kwamba Wazungu walichukua kichwa chake. Muuze mutoto Musanga: atakumbusha kwamba watu wake waliteseka chini ya Msiri na waliasi. Fungua kitabu cha zamani cha Wazungu: utasoma juu ya mutawala mukali ambaye kifo chake kilileta amani. Mwalimu afanye nini? Wengine wanachagua sauti moja na kunyamazisha zingine. Sisi tunasema: awape watoto wa kalasi ya sita sauti hizi 3, na awaulize, «Nani anasema? Alipata faida gani kwa kusema hivyo? Katika jambo gani wote 3 wanakubaliana?» Wote wanakubaliana kwamba Msiri aliuawa nyumbani kwake na watu waliotaka inchi yake. Hapo kuna musingi. Juu ya musingi huo mutoto anajifunza kupima maneno. Akijua kupima maneno juu ya Msiri, kesho atapima pia maneno ya wanasiasa na ya radio.

V. Mambo machungu

Tunafika pahali pagumu. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Katika mwaka wetu wa staji tulipewa kalasi ya tano katika shule moja ya muji. Tulitaka kufundisha namna Lubumbashi ilivyojaa watu. Tukafikiri tumepata njia nzuri: tuliwaambia watoto wasimame, wale ambao kambo zao walizaliwa Katanga upande huu, wale ambao kambo zao walitoka pengine upande ule. Walisimama wakicheka. Kisha mutoto mumoja upande huu akasema kwa sauti: «Basi ninyi ni wageni.» Kicheko kikaisha. Vijana wawili waliokaa kwenye banko moja tangu kalasi ya kwanza hawakutaka tena kukaa pamoja siku ile.

Kesho yake mama wa mumoja wao alikuja. Hakufoka. Alisema: «Fratri, mwaka wa 1992 nilikuwa na umri wa mutoto huyu. Tulilala siku nyingi kwenye kituo cha gari la moshi, tukingoja gari la kutupeleka Kasai, inchi ambayo sikuwahi kuiona. Dada yangu mudogo alikufa pale. Nyuma ya miaka tulirudi, kwa sababu kwetu ni hapa. Usiwatenge watoto tena.» Hatukuwa na neno la kumujibu, ila kuomba musamaha.

Tulijifunza mambo mawili. La kwanza: historia si muchezo. Mwalimu anayegusa asili za watu anagusa vidonda. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Wengi walikufa njiani na kwenye vituo vya gari la moshi. Jirani alimugeukia jirani, Mukristu alimugeukia Mukristu. La pili: kunyamaza si dawa. Kama shule haisemi, mutoto atafundishwa na mutu mwenye chuki katika kartie, na yule hatapima maneno yake.

Basi tulirudi katika kalasi na somo lingine. Hatukuuliza tena «kambo yako alitoka wapi?» Tuliuliza: «Kambo yako alijenga nini hapa?» Majibu yalijaza tablo. Mumoja alifanya kazi kwenye njia ya reli, mwingine kwenye tanuru, mwingine alifyatua matofali ya shule, kambo mumoja mwanamuke aliuza mihogo katika soko la Kenya na kusomesha watoto 8. Kisha tukachora karta. Tukaonyesha kwamba gari la moshi la kwanza lilifika katika mwezi wa 9 wa 1910, likitoka upande wa kusini. Kwamba katika miaka ya kwanza wafanyakazi wengi walitoka inchi ambayo leo ni Zambia, na baadaye Union Minière ilitafuta watu Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Kwamba kampuni, karibu na mwaka wa 1930, ilikwisha kuanza kuwaacha wafanyakazi wakae na wake na watoto wao kambini, na hivyo watoto walizaliwa hapa, wakasema Kiswahili cha hapa. Tukasema tena kwamba Msiri mwenyewe alitoka mbali. Na tukasimulia habari ambayo Waluba wanaisimulia juu ya mwanzo wa ufalme wao: Nkongolo alikuwa mukali, asiyekuwa na adabu, akaja muwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mugeni, aliyefundisha desturi njema, na mwana wake Kalala Ilunga akawa mufalme. Ufalme mukubwa wa Waluba katika masimulizi yake wenyewe unaanza na mugeni aliyepokewa.

Tulipomaliza, mutoto yuleyule aliyesema «ninyi ni wageni» aliinua mukono. «Mwalimu, basi nani si mugeni?» Tulimwambia aende na swali hilo nyumbani kwa baba yake.

Namna hiyo hiyo mwalimu atagusa vidonda vingine vya muji huu. Mwaka wa 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na mishahara haikutosha; wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi. Tarehe 9 ya mwezi wa 12, askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mupira wa Elisabethville. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa pale, pamoja na wengine wengi. Tarehe 17 ya mwezi wa 1, mwaka wa 1961, wakati Katanga ilikuwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe, Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Shilatembo, pembeni ya njia ya kwenda Likasi. Mwaka wa 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, nalo lilipitishwa Shilatembo mbele ya kuzikwa Kinshasa.

Kwa mambo kama haya tunashauri sheria 3. Moja: mwalimu aseme ukweli, lakini kwa kipimo cha umri, mutoto wa miaka 8 haombi kuonyeshwa damu. Mbili: asiseme kamwe «Waluba walifanya», «Walunda walifanya», «Wazungu walifanya», kama vile kabila lote lilishika bunduki, ataje waliofanya, na serikali ao kampuni iliyoamuru. Tatu: karibu na kila uovu atafute mutu aliyekataa uovu. Katika 1992 kulikuwa na familia zilizoficha majirani zao. Watoto waulize nyumbani. Watapata mifano, na itakuwa mifano ya watu wanaowajua.

VI. Namna ya kupanga somo moja

Tutoe mufano mufupi kwa kalasi ya ine: «Gari la moshi linafika.» Mwalimu anaanza na kitu: kipande cha makaa, ao cha reli ya zamani, ao picha. Anauliza watoto wanaona nini. Kisha anasimulia kwa dakika 10, si zaidi, bila kusoma kitabu: pori, muto Lubumbashi, mugodi wa Étoile ambao wenyeji waliita Kalukuluku, reli inayokuja polepole, siku ya kufika. Asimulie kama kambo anavyosimulia jioni. Nyuma yake anauliza maswali: nani aliyekata miti? Nani aliyelala wapi? Gari lilileta nini, na liliondoka na nini? Swali hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana shaba iliondoka. Watoto wanachora. Mwishoni wanaandika katika kaye sentensi 3 tu, ambazo wenyewe wamezitunga pamoja na mwalimu. Na kazi ya nyumbani: kuuliza muzee mumoja, «Mara ya kwanza uliona gari la moshi wapi?»

Kesho yake somo linaanza na majibu ya wazee. Mwalimu ayaandike katika kaye moja kubwa inayobaki shuleni, yenye mwaka na kalasi. Nyuma ya miaka 10 shule itakuwa na kitabu chake. Watu wa chuo kikuu chetu walianza mwaka wa 2000 kukusanya kumbukumbu za wakaaji wa Lubumbashi namna hiyo, pamoja na walimu Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki. Shule ndogo inaweza kufuata nyuma yao kwa kaye moja na bic moja.

VII. Maneno ya mwisho

Tunajua watakavyotujibu walimu wengine: kalasi zina watoto 70, tena tangu shule ya musingi ilipofanywa ya bure mwaka wa 2019 wameongezeka, vitabu havitoshi, mushahara unachelewa. Yote ni kweli, na hatutaki kuwaongezea muzigo. Lakini watazame vizuri: kijiti, ubao wenye mbegu, muzee mualikwa, kaye ya shule, hivi vyote si vya bei. Tena mutoto anayeuliza nyumbani anafanya nusu ya kazi ya mwalimu.

Kwa wenzetu wa seminari tunasema neno moja zaidi. Tunafundishwa historia ya Ekleziya tangu Mitume, na tunajua mitaguso kwa miaka yake. Ni vema. Lakini tutatumwa katika parokia ambamo watu wanakumbuka kituo cha gari la moshi cha 1992, uwanja wa 1941, kambi, njaa na kurudi. Asiyejua hayo atahubiri upatanisho kwa watu ambao hajui waligombana juu ya nini. Shule ya parokia ndiyo pahali pa kuanza kujifunza, pamoja na watoto.

Yule mwalimu wa kalasi ya tano alijaribu kijiti na hatua. Alitutumia habari kwamba mutoto aliyesimama kwenye mwaka wa 1910 alikataa kurudi ndani mupaka mwenzake wa mbali, yule wa Sanga, arudi kwanza, «kwa sababu,» alisema, «yeye ni mukubwa kwangu.»